Roy Buchanan, kinyozi aliyelifundisha gita kupiga mayowe

JINA la Roy Buchanan halitajwi sana mitaani kama la Jimi Hendrix au la B.B. King. Hata hivyo, kila kijana anayejifunza gita la umeme leo hii, na kutamani lipige ukelele mwembamba na mkali mithili ya filimbi iliyopulizwa ghafla, anaipita njia iliyofyekwa na mtu huyu.

Mwanamuziki huyo Mmarekani alifariki Jumapili, Agosti 14, 1988, ndani ya seli ya jela ya kaunti ya Fairfax, jimbo la Virginia. Alikuwa na umri wa miaka 48. Aliacha mke, watoto saba, albamu zaidi ya kumi na mjadala kuhusu kifo chake ambao haujazimika hadi sasa.

Maisha yake ni kisa cha fundi ambaye kipaji chake kilijulikana na mafundi wenzake muda mrefu kabla ya umma kukifahamu. Na umaarufu ulipombishia hodi hatimaye, hakujua vyema la kufanya nao.

Mtoto wa kibarua

Buchanan alizaliwa Septemba 23, 1939 katika mji mdogo wa Ozark, jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Babake alikuwa mkulima asiye na shamba lake mwenyewe, aliyelima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na wenye ardhi.

Roy akiwa bado mtoto mchanga, familia ilifunga virago na kuhamia Pixley, kijiji cha wakulima katika bonde la kati la California. Huko babake aliendelea na kazi ya shamba kama kibarua. Familia nyingi maskini za Arkansas na Oklahoma zilifuata njia hiyohiyo katika miaka hiyo, zikitafuta riziki katika mashamba ya pamba na matunda ya magharibi.

Baadaye, alipokuwa mashuhuri, Buchanan alipenda kuwasimulia waandishi wa habari kwamba babake alikuwa mhubiri wa kanisa la Kipentekoste. Kaka yake mkubwa alilikanusha jambo hilo. Lisilo na shaka ni kwamba mama yake, Minnie, alikuwa akimpeleka kwenye mikutano ya injili ambako Wazungu na Waamerika weusi waliimba pamoja, jambo lililokuwa nadra katika Marekani ya wakati huo.

Sauti za mikutano hiyo, za watu wanaolia na kushangilia kwa pumzi moja, hazikumtoka kichwani. Wanaousikiliza muziki wake kwa makini husema kwamba gita lake, hata lilipokuwa ndani ya baa yenye moshi, halikukoma kuimba injili.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka tisa, wazazi wake walimnunulia gita la kulaza mapajani, lile linalochezwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mwalimu wa muziki aliyezunguka nyumba kwa nyumba, Bi Presher, ndiye aliyemfundisha.

Mtoto huyo hakuwa na hamu ya kusoma noti za muziki. Alisikiliza, akakariri, kisha akapiga alichokisikia. Kwa masimulizi yake mwenyewe, somo kubwa alilolipata kwa mwalimu huyo ni kwamba muziki usio na hisia ni kelele tupu. Aliliishi somo hilo hadi kufa kwake.

Gita la mapajani lilimwachia urithi mwingine. Chombo hicho hakina mipaka kati ya noti moja na nyingine. Sauti huteleza kama ya mtu anayeomboleza. Alipohamia gita la kawaida, Buchanan alitafuta namna ya kulifanya literemke na kupanda vivyo hivyo. Alizivuta nyuzi pembeni kwa vidole vya mkono wa kushoto kwa nguvu ambazo wenzake walizistaajabia.

Maisha ya barabarani

Akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi, aliondoka Pixley na kuelekea Los Angeles. Huko alikutana na Johnny Otis, kiongozi wa bendi aliyekuwa ameinua vipaji vingi vya muziki wa rithimu na bluzi, na akawa miongoni mwa waliomwongoza.

Mwaka wa 1958 alijiunga na Dale Hawkins, mwimbaji aliyekuwa amevuma mwaka mmoja kabla kwa wimbo wake Susie Q. Buchanan alipiga gita katika rekodi ya Hawkins ya My Babe, iliyotolewa na kampuni ya Chess ya Chicago. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, alikuwa nchini Kanada na bendi ya Ronnie Hawkins, binamu wa Dale. Katika bendi hiyo alikuwamo kijana wa Toronto, Robbie Robertson, aliyekuwa bado akijifunza kazi. Robertson alimkodolea macho mgeni huyo mkimya, akatazama vidole vyake usiku baada ya usiku, na akachota alichoweza kuchota.

Buchanan hakukaa sana. Alirudi Marekani, naye Robertson akabaki na kuwa mpiga gita mkuu wa kundi ambalo baadaye lilimsindikiza Bob Dylan na kujulikana duniani kama The Band. Mwanafunzi alitangulia kupata jina, mwalimu akabaki gizani. Hilo lilikuja kuwa jambo la kawaida katika maisha ya Buchanan.

Rekodi ya mwaka 1962

Mwaka wa 1962, Buchanan aliingia studio na mpiga ngoma Bobby Gregg. Miongoni mwa vipande walivyorekodi kimo kimoja kisicho na maneno kiitwacho Potato Peeler, yaani kimenyaji viazi.

Ndani ya kipande hicho gita linatoa milio ambayo wasikilizaji wa wakati huo hawakuizoea. Noti inaanza kama kawaida, halafu ghafla inapasuka na kuwa kilio chembamba kilicho juu mno kuliko mahali kidole kilipobonyeza. Waandishi wengi wa historia ya gita wanaitaja kuwa rekodi ya kwanza ambamo mbinu hiyo, haamoniki ya kubana, inasikika waziwazi.

Ili kuelewa alichokifanya Buchanan, yafaa kuelewa kwanza tabia ya uzi uliokazwa. Uzi wa gita ukipigwa hautikisiki kwa namna moja pekee. Hutikisika mzima kutoka ncha hadi ncha, na papo hapo hutikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kwa vipande vidogo zaidi.

Mtikisiko mzima ndio wenye nguvu, nao ndio sikio husikia kama noti yenyewe. Mitikisiko midogo hutoa sauti za juu zilizojificha chini ya noti hiyo. Nusu hutoa noti ileile ikiwa imepanda ngazi moja kamili ya muziki, na robo huipandisha ngazi mbili.

Sasa, mpigaji akiugusa uzi kwa wepesi mahali panapofaa, mtikisiko mkubwa huzimika na zile sauti zilizojificha hujitokeza peke yake. Wapiga vinanda vya nyuzi wamelijua jambo hili kwa karne nyingi. Kwa kawaida hutumia kidole cha mkono wa kushoto kuugusa uzi, nao mkono wa kulia ukapiga.

Hila ya Buchanan ilikuwa kuziweka kazi zote mbili katika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki huru kubonyeza noti yoyote na kuivuta atakavyo. Mkono wa kulia ulipiga uzi kwa kile kibanzi cha plastiki ambacho wapiga gita hukishika kati ya kidole gumba na cha shahada, na mara hiyohiyo nyama ya ubavu wa kidole gumba ikaugusa uzi kabla haujapata nafasi ya kutulia.

Kazi ya subira

Kulieleza jambo hilo ni rahisi. Kulifanya ni kibarua. Anayejifunza huambiwa kwanza akishike kibanzi karibu sana na ncha, kiasi kwamba sehemu inayochomoza haizidi upana wa punje ya mchele. Kibanzi kikichomoza sana, kidole gumba hakiufikii uzi kwa wakati.

Kisha kuna suala la muda. Kibanzi na kidole lazima vipite juu ya uzi kama kitu kimoja. Kidole kikichelewa, noti ya kawaida huwa imekwisha kutoka. Kikibaki juu ya uzi kwa muda mrefu, sauti yote hufa na kubaki kishindo butu kama cha kugonga ubao.

Gumu kuliko yote ni mahali pa kupiga. Katika gita aina ya Telecaster, alilolipenda Buchanan, uzi una urefu wa karibu sentimita 65 kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, kile chuma kinachoushikilia kule chini. Mpigaji akibonyeza kigawanyo cha tano cha shingo, urefu unaotikisika hubaki sentimita 48 na nusu hivi, na robo yake huangukia sentimita 12 kutoka kwenye daraja.

Akipanda hadi kigawanyo cha kumi na mbili, urefu hubaki nusu, na mahali pale pa robo husogea hadi sentimita nane hivi kutoka kwenye daraja. Kwa hivyo hakuna mahali pamoja pa kukariri. Kila mkono wa kushoto unapohama, mkono wa kulia nao hauna budi kuhama, na tofauti ya upana wa ukucha hutosha kugeuza sauti ya malaika kuwa mkwaruzo.

Ndiyo maana walimu wa gita huwashauri wanafunzi wao kubonyeza noti moja tu, kisha kuusogeza mkono wa kulia polepole juu ya nyuzi huku wakipiga, wakisikiliza wapi ukelele unazaliwa na wapi unafia. Mkono hujifunza ramani hiyo kwa masikio, haujifunzi kwa macho.

Umeme nao una sehemu yake. Sauti hizo za juu ni dhaifu, na katika gita la kawaida la mbao husikika kwa shida. Amplifaya iliyofunguliwa hadi sauti kuanza kukwaruza huzinyanyua na kuzirefusha. Buchanan alipenda kuifungua amplifaya yake ndogo kabisa hadi mwisho, na mara nyingine aliigeuza uso ukatazama ukuta ili isiwapasue wasikilizaji masikio.

Juu ya hayo alikuwa na hila nyingine. Kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia kilikizungusha kitufe cha sauti cha gita wakati uleule vidole vingine vikipiga. Noti ilianza kimya, ikavimba, kisha ikayeyuka, kana kwamba mtu anakwikwi kwa kilio. Aliyafanya kwa kidole chake mambo ambayo wengine waliyafanya kwa mitambo ya kukanyagwa kwa mguu.

Wapenzi wa benga na rumba, waliozoea kusema kwamba gita la solo linaongea, hawatapata taabu kuelewa alichokuwa akikitafuta. Yeye alitaka gita liongee, lilie, lipige mayowe, na mwishowe linong'one.

Mkasi na gita

Mnamo mwaka 1961 Buchanan alimwoa Judy Owens. Watoto walipoanza kuja, wakafuatana hadi kufika saba, maisha ya kulala katika mabasi na hoteli za bei rahisi hayakuwezekana tena. Familia ilipiga kambi katika viunga vya mji mkuu, Washington, upande wa jimbo la Maryland.

Muziki wa baa haukutosha kulisha nyumba yenye vinywa tisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtu ambaye wapiga gita wenzake walimwona kuwa hana mfano alijiunga na mafunzo ya ukinyozi. Mchana alishika mkasi na kitana, na usiku akashika gita.

Ni katika kipindi hicho alipolipata gita lililokuja kuwa sehemu ya mwili wake, Telecaster ya mwaka 1953 yenye rangi ya siagi iliyochakaa. Husimuliwa kwamba aliliona mikononi mwa mtu aliyekuwa akipita nje ya kinyozi, akatoka mbio kumfuata, na hakutulia hadi wakabadilishana. Alilipa gita hilo jina la Nancy.

Uwanja wake ulikuwa baa iitwayo Crossroads, mjini Bladensburg, Maryland. Hapo alisimama na bendi yake usiku baada ya usiku, mtu mwenye ndevu na sura ya upole, akitikisika kidogo tu mwilini huku vidole vikifanya mambo ya kuogofya.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kweli wenyeji walimtunza. Wapiga gita walisafiri kutoka miji mingine, wakaketi karibu na jukwaa, wakaitazama mikono yake kama wanafunzi wa udaktari wanaotazama upasuaji. Hata hivyo, nje ya mduara huo hakujulikana.

Kuna simulizi moja iliyoenea kuhusu miaka hiyo. Inadaiwa kwamba kundi la Rolling Stones la Uingereza lilimwalika achukue nafasi ya Brian Jones mwaka wa 1969, naye akakataa. Hakuna uthibitisho wa dai hilo, na nafasi hiyo ilichukuliwa na Mick Taylor. Buchanan mwenyewe hakuwa mtu wa kuzizima hadithi. Aliwahi hata kudai kwamba yeye ni nusu binadamu na nusu mbwamwitu.

Runinga yabadili mambo

Gazeti la Washington Post lilipoandika habari zake, wakuu wa runinga ya umma walisikia. Mwezi Novemba 1971 makala maalumu kumhusu ilirushwa kote Marekani. Ilimwonyesha akirudi Pixley alikokulia, na akipiga muziki pamoja na Johnny Otis, yuleyule aliyempokea akiwa mvulana.

Watu walianza kuiita filamu hiyo kwa jina lililoshikamana naye daima, wakimtaja kama mpiga gita bora kuliko wote asiyejulikana duniani. Lilikuwa jina la sifa, lakini lilikuwa pia mzigo. Kila alipopanda jukwaani baada ya hapo, ilimlazimu kuthibitisha kwamba anastahili neno la kwanza, huku akiwa amepoteza haki ya neno la mwisho.

Mwaka huohuo, kabla ya makampuni makubwa kumfikia, yeye na bendi yake walikuwa wamejirekodi na kujiuzia santuri zao, zikiwa zimefungwa katika vifuko vya gunia. Mwaka wa 1972 mambo yalikuwa tofauti. Kampuni ya Polydor ilitoa albamu iliyobeba jina lake, na akapanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, ukumbi ambao wanamuziki wengi hufa wakiuota.

Katika albamu hiyo kuna nyimbo mbili zilizobaki kuwa alama yake. Moja ni Sweet Dreams, wimbo wa zamani wa Don Gibson ambao Buchanan aliupiga bila maneno. Nyingine ni The Messiah Will Come Again, utunzi wake mwenyewe, ambamo anazungumza kwa sauti ya chini kabla ya gita kuchukua usukani na kulia hadi mwisho. Mikutano ya injili ya utotoni ilikuwa imerudi.

Polydor ilitoa albamu tano, ya mwisho ikiwa Live Stock ya mwaka 1975, iliyorekodiwa mbele ya hadhira katika ukumbi wa Town Hall, New York, mwezi Novemba 1974. Wapiga gita wengi huichukulia kuwa darasa kamili la mbinu zake.

Mwaka huo wa 1975, Mwingereza Jeff Beck alitoa albamu yake Blow by Blow. Wimbo wake wa Cause We've Ended as Lovers aliutunuku kwa Buchanan, na ndani yake mnasikika waziwazi noti zinazovimba na kulia kwa mtindo wa kinyozi wa Maryland. Naye Billy Gibbons wa kundi la ZZ Top alikuwa ameufanya ukelele wa kubana kuwa mhuri wake katika La Grange, mwaka wa 1973.

Umaarufu usiomkaa

Baada ya Polydor, kampuni ya Atlantic ilimchukua. Kati ya 1976 na 1978 alitoa albamu tatu, mojawapo ikiwa Loading Zone iliyosimamiwa na mpiga besi Stanley Clarke. Watayarishaji walitaka kumvisha vazi la wakati huo. Walimwekea wanamuziki wa kukodi, vinanda vya kisasa na nyimbo zilizolengwa kupigwa redioni.

Buchanan hakulipenda vazi hilo. Alikuwa mtu wa baa na wa usiku mrefu, aliyezoea kuuanza wimbo bila kujua utaishia wapi. Studio ilimtaka awe na mpango. Mwaka wa 1981 aliamua kuacha kurekodi kabisa, akaapa kutoingia tena studio iwapo hataruhusiwa kuufanya muziki wake kwa njia yake.

Katika miaka hiyo pombe, ambayo ilikuwa imemfuata tangu ujana, iliendelea kumkaba. Marafiki walimweleza kama mtu mpole na mwenye haya alipokuwa na akili timamu, na mtu mwingine kabisa alipokuwa amelewa. Nyumbani, mke na watoto ndio walioubeba mzigo huo, kama ilivyo katika nyumba nyingi zenye tatizo hilo.

Alikaa miaka minne bila kurekodi. Kisha kampuni ndogo ya bluzi ya Chicago, Alligator, ikamjia na ahadi aliyokuwa akiingojea, kwamba atapiga atakacho na atakavyo. Mwaka wa 1985 ikatoka When a Guitar Plays the Blues, ikafuatwa na Dancing on the Edge mwaka wa 1986 na Hot Wires mwaka wa 1987.

Zilikuwa albamu za mtu aliyerudi kwake. Gita lilikuwa mbele, bila mapambo, na ukelele ule wa 1962 ulikuwa umekomaa na kuwa lugha kamili. Alianza tena kuzunguka na bendi, na wengi waliamini kwamba awamu bora ya maisha yake ndiyo kwanza inaanza.

Usiku wa Fairfax

Haikuwa hivyo. Mnamo Agosti 14, 1988, baada ya ugomvi wa nyumbani, Buchanan alikamatwa kwa kosa la kulewa hadharani na kupelekwa katika jela ya kaunti ya Fairfax. Muda mfupi baadaye alipatikana ndani ya seli akiwa hana uhai.

Mamlaka zilitangaza kwamba alijitoa uhai. Baadhi ya jamaa na marafiki zake hawakukubali. Walisema maiti ilikuwa na alama za majeraha kichwani, na kwamba mtu aliyekuwa amerudi katika muziki kwa nguvu mpya hakuwa na sababu ya kukata tamaa. Wengine waliomfahamu walikumbuka huzuni yake ya siku nyingi, na wakaona kwamba jibu la mamlaka linaweza kuwa la kweli.

Uamuzi rasmi haukubadilishwa. Lakini mtu anapofia mikononi mwa dola, nyuma ya mlango uliofungwa na bila shahidi wake, maswali huishi kuliko majibu. Familia yake ilibaki na maswali hayo. Alizikwa Arlington, Virginia, katika makaburi ya Columbia Gardens.

Urithi wa kidole gumba

Mwaka wa 1989 mpiga gita wa Ireland Kaskazini, Gary Moore, aliirekodi upya The Messiah Will Come Again. Mwaka wa 2006 mwelekezi Martin Scorsese aliifunga filamu yake The Departed kwa Sweet Dreams, katika rekodi ya Buchanan mwenyewe. Maelfu ya watazamaji walitoka sinema wakiuliza ni nani aliyekuwa akipiga gita lile.

Wengi wa waliojifunza kwake nao wamekwisha kwenda. Jeff Beck alifariki Januari 2023, na Robbie Robertson akamfuata Agosti mwaka huohuo. Lakini mbinu ya kubana uzi kwa kidole gumba imeenea hadi katika muziki wa roki nzito, ambako wachezaji kama Zakk Wylde wameifanya kuwa alama yao. Vijana wengi wanaoijaribu hawajawahi kulisikia jina la kijiji cha Pixley.

Wanaoitafuta mbinu hiyo mara nyingi huanza na nguvu, wakiamini kwamba ukelele huo ni wa hasira. Wakimsikiliza Buchanan hutambua jambo jingine. Yeye hakuutumia kwa kila noti. Aliuweka akiba, akapiga pole na kwa staha, hadi pale wimbo ulipofika mahali ambapo mwanadamu angepaza sauti. Hapo ndipo alipokiachia kidole gumba kikagusa uzi.

Kipimo hicho ndicho kigumu zaidi kujifunza, na hakipimwi kwa sentimita. Kijana anaweza kukipata kibanzi kinachofaa, amplifaya inayofaa na mahali panapofaa juu ya uzi katika muda wa wiki chache. Kujua ni noti ipi inayostahili kulia kulimchukua mtoto wa kibarua wa Arkansas maisha yake yote.